Kuchora ubavu wa boti kwenye Rhino kwa nukta chache

Karibuni watazamaji. Leo tunachora ubavu wa boti ya mbao kama zile za dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma: urefu mita 8, upana mita 2. Fungua Rhino, programu ya kompyuta ya kuchora maumbo, chagua milimita. Tunachora upande mmoja tu.

Tuanze na ukingo wa juu, omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Kwenye mwonekano wa juu andika amri ya Curve, digrii (ya ulaini wa mpindo, si ya pembe) iwe 3, weka nukta 5. Ona: mstari umegusa nukta ya kwanza na ya mwisho tu; zile 3 za kati zinauvuta bila kuguswa. Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Sasa hamia mwonekano wa ubavuni, pandisha nukta za omo na tezi. Umbo ulilolipata kwa juu halibadiliki.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wamepima boti kila nusu mita, wana vipimo 17, wanalazimisha mstari upite kwenye kila kimoja. Futi ya kupimia ikiteleza milimita 5 mahali pamoja tu, mstari unayumba mbele na nyuma yake. Acha vipimo viwe alama, sogeza nukta zako 5 mpaka mstari uvipitie kwa karibu. Fundi akipinda upapi (ubao mwembamba) hupiga misumari michache, ubao wenyewe unatafuta njia.

Kagua kwa CurvatureGraph, amri inayoonyesha mpindo wa mstari. Vinyoya vitatokea juu ya mstari. Vikirefuka na kufupika taratibu, safi. Vikiruka ghafla au kuhamia upande wa pili, hapo pana bonde ambalo jicho halijaliona. Sogeza nukta ya jirani milimita 10, kagua tena. Usiongeze nukta!

Sasa chora mstari wa omo, mataruma (mbavu za boti) 5 na tezi. Kila mmoja nukta 5, digrii 3, kutoka mkukuni (uti wa chini wa boti) kwenda juu, ncha ikamate ukingo. Uliozidi nukta upunguze kwa Rebuild, la sivyo uso utajaa mistari isiyoharirika.

Andika Loft, amri ya kutandaza uso juu ya mistari, bofya mistari ya omo, mataruma na tezi kwa mfuatano, yote karibu na ncha ya chini. Ukibofya mmoja kwa juu, uso unajisokota.

Malizia na Mirror, amri ya kunakili upande wa pili. Kama chini ni duara, nukta ya pili ya kila taruma iwe kimo kimoja na ya kwanza, vinginevyo pande mbili zitakutana kwa kona. Boti yenye mkuku uliochongoka haihitaji hilo.