Mrija wa Mwimbaji: Unachosaidia na Unachoficha

Ndugu walimu wa kwaya, waimbaji na wote mliofika: Bwana asifiwe, asalaam aleikum, na habari za mchana. Nimefurahi kuwaona wanakwaya wa makanisani wamekaa pamoja na vijana wa kaswida na dada zetu wa taarabu. Koo halina dhehebu.

Karibu kila mwenye simu hapa Dar ameshaona video ya mwimbaji anayepuliza mrija kwenye chupa ya maji huku akitoa sauti. Wengi wenu mmeshaanza kuwafanyisha waimbaji wenu zoezi hilo. Mimi nalipenda, nalifundisha, na nawaomba muendelee nalo. Ila zoezi hilihili linaweza kumfanya mtu aliyeumia koo ajione mzima, na hofu yangu kubwa iko hapo.

Kwanza tuone linavyofanya kazi. Ndani ya kikoromeo mna nyuzi mbili za sauti, ambazo kwa kweli ni mikunjo miwili midogo ya nyama laini. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni, nyuzi hizo hukutana na kuachana kwa kasi. Soprano akiimba ile noti ya "la" ambayo wapiga ala hulinganishia vyombo vyao, zinakutana mara 440 kwa sekunde. Akiishikilia sekunde 10 tu, ni mara 4,400. Sasa pigeni hesabu ya mkesha mzima, na kesho yake ibada mbili.

Mdomo ukibanwa na mrija, hewa haitoki yote kwa mkupuo. Sehemu ya msukumo hubaki kooni na mdomoni, juu ya nyuzi, na msukumo huo huzisaidia nyuzi zisibamizane. Sauti inaanza kwa pumzi ndogo zaidi. Huu si uganga wa mtandaoni. Nchini Ufini, Profesa Antti Sovijärvi alikuwa akitumia mirija ya kioo iliyotumbukizwa majini tangu miaka ya 1960. Baadaye mtaalamu wa tiba ya sauti wa hukohuko, Marketta Sihvo, akaleta mrija laini wa silikoni. Mwaka 2006 Ingo Titze, mwanasayansi wa sauti wa Marekani, akachapisha makala iliyoeleza kwa fizikia kwa nini mazoezi ya namna hii yanasaidia.

Tazameni chupa hii ya nusu lita. Maji hayafiki nusu. Natumbukiza mrija sentimita 2 hivi. Midomo inaushika vizuri, hewa isivuje pembeni wala puani. Ukitaka kujua kama inapitia puani, bana pua kwa vidole: sauti ikikatika, umejikamata. Sasa natoa "uuu" kwa sauti ya kawaida ya kuongea. Mnaona viputo? Vidogo, vinafuatana sawasawa. Sasa nasukuma kwa nguvu. Haya, maji yamefika mezani. Nguvu hii ya pili ndiyo wengi tunayoibebesha koo kila Jumapili, ila hatuioni. Chupa inatuonyesha, na kwa mwalimu mwenye waimbaji 40 asioweza kumsikiliza kila mmoja, hiyo ni faida kubwa kuliko zote.

Msizamishe mrija zaidi mkidhani zoezi litakuwa na nguvu zaidi. Sentimita 10 na kuendelea ni kazi ya mtaalamu wa tiba, kwa wagonjwa maalumu kama wale ambao uzi mmoja wa sauti umepooza. Dakika 5 kabla ya mazoezi zinatosha, na dakika chache baada ya kuimba ili sauti ipoe. Pandeni na kushuka taratibu kama king'ora, hasa pale sauti inapovunjika kati ya chini na juu. Mtu akishikwa kizunguzungu, aketi. Na kila mtu awe na mrija wake na chupa yake. Mafua yakiingia kwenye teno yanamaliza mstari wote.

Upungufu wa kwanza wa mrija ni irabu. Mrija unafundisha "u", basi. Kiswahili chetu kinajaa "a", na kwenye "a" ndipo mdomo unapofunguka na soprano wanapoanza kupiga kelele. Nimeona kwaya zinazopuliza vizuri kabisa, kisha zikifika "Aleluya" kila kitu kinarudi kilipokuwa. Kwa hiyo pulizeni mstari mmoja wa wimbo kwenye mrija, muuimbe uleule kwa "u", kisha "o", kisha "a", ndipo muweke maneno. Mwalimu anayeruka hatua hizo amepoteza dakika zake 5.

La pili ni la ladha, na hapa naomba tuwe waangalifu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa na sauti ya mkwaruzo iliyopendwa kote pwani. Tusiwafute waimbaji wetu wa taarabu mkwaruzo wao ili wafanane na sauti laini za kwenye video. Mkwaruzo ambao mtu ameishi nao miaka mingi bila maumivu wala kuchoka haraka ni mali yake. Ule uliokuja mwezi uliopita baada ya mikesha ndio wa kuuliza.

Na sasa hatari yenyewe. Mwimbaji sauti imekauka. Anapuliza mrija, anakunywa tangawizi na asali, ambavyo hupita njia ya chakula na havizigusi nyuzi kabisa, anapata nafuu ya saa moja, anarudi jukwaani. Mrija umemrahisishia kutoa sauti, lakini kidonda kama kipo, kipo palepale, na kila wimbo unakipiga. Vinundu vya kwenye nyuzi hutokana na kubamizana huko, na vikiwa vichanga mara nyingi huondoka kwa kupumzisha sauti na kufundishwa upya namna ya kuitumia. Vikikomaa, safari ni ndefu. Tena si kila sauti iliyokauka ni vinundu. Saratani ya koo nayo inaweza kuanza hivyohivyo.

Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2018 unasema sauti iliyobadilika isiporudi ndani ya wiki 4, koo litazamwe kwa kifaa. Na kama kuna dalili nzito, wasisubiri hata hizo wiki. Mrija hauwezi kuona ndani. Hapa mjini tunaye daktari wa koo Muhimbili, na hospitali nyingine za rufaa zinaye. Walimu, andikeni kwenye daftari la mahudhurio tarehe ambayo sauti ya mwimbaji imekauka. Akitema damu, akishindwa kumeza, akikosa pumzi au akiota uvimbe shingoni, apelekwe siku hiyohiyo. Wengine waliokaukwa sauti wapumzike kuimba, na hilo linamhusu hata mwimbaji wa solo wa Pasaka, hata kama tangazo limeshabandikwa. Kwenye wimbo huo mpeni nafasi yake alto.