Hesabu za mawimbi bila wavu

Shikamooni wazee, vijana mambo. Wa nyuma sogeeni, spika hii haifiki mbali.

Leo ni jinsi ya kuhesabu kwa kompyuta wimbi linavyopiga boti, bila wavu. Naanza na nyavu, maana hapa Kigoma nani hajui wavu. Injinia akitaka kujua boti itapigwaje na wimbi anakuwa na ikwesheni zinazosema maji yanabadilikaje toka sehemu hadi sehemu na sekunde hadi sekunde, kuzitatua kwa kalamu kwa umbo la boti ya kweli hawezi, basi anatandaza wavu kwenye kompyuta, kila tundu linahesabiwa pamoja na matundu ya jirani. Kwa daraja au nguzo iliyotulia njia hiyo iko poa sana, mtu asitoke hapa anasema nimeiponda.

Shida wimbi likipasuka. Maji yanaruka, yanatengana, yanarudi, na wavu kama umeufunga utembee nayo unajisokota kama ulionasa kwenye mwamba, programu inagoma. Kuusuka upya ndo kunakokula siku zako.

Mwaka 1977 wanasayansi, Lucy, na kivyao Gingold na Monaghan, wakaja na njia ya chembe, na wala hawakuwaza boti, walikuwa wanapigia hesabu nyota. Unamwaga chembe, yaani vipande vidogo vya maji, kila moja na uzito wake na mwendo wake, haijafungwa na yeyote. Presha itaijuaje? Inasikiliza majirani walio ndani ya duara fulani, wa karibu inawasikiliza zaidi, wa mbali inawasikiliza kidogo tu. Dagaa chini ya taa wanageuka wote, kuna kamba hapo?

Duara likiwa dogo chembe inabaki yatima, likiwa kubwa kompyuta inakesha na viwimbi vidogo vinafutika. Chembe moja inaweza kuwa na majirani 50 na kitu, na unawatafuta upya kila hatua maana wamehama.

Pabaya ni ubavuni mwa boti. Chembe ya pale ina majirani upande mmoja tu, presha yake inatoka ya uongo, na presha hiyo ndo tuliyoitafuta toka mwanzo! Kwa hiyo tunapanga chembe za bandia ndani ya ubao, tabaka kadhaa. Mi mara ya kwanza niliweka tabaka moja, maji yakapenya ubao, boti ikazama bila tundu (chekeni tu).

Ndiyo mzee? ... Anauliza si tungemuuliza tu fundi wa boti wa Kibirizi. Muulizeni, tena wa kwanza, yeye anajua wimbi linapigia wapi, na hapo ndo mnazibana chembe ndogondogo, kwingine mnapunguza.