Siku za Kungoja: Nani Anakagua Tiba ya Akili ya Askari Wetu?

Mhadhara uliotolewa Bombo mbele ya askari wastaafu, familia zao na wafanyakazi wa afya

Waheshimiwa, maafande mlio kazini na mliostaafu, mama zetu, na nyinyi vijana ambao baba zenu wamo jeshini, nawashukuru kwa kunialika Bombo, mji wetu wa Uganda ambao Kiswahili kimesemwa kambini na sokoni tangu enzi za Keya, lile jeshi la wakoloni Waingereza. Nimekuwa afisa tabibu wa magonjwa ya akili kwa miaka mingi, na katika muda huo daftari la wagonjwa limekuwa mkononi mwangu karibu kila siku. Nitazungumza juu ya daftari hilo, kwa sababu naamini kwamba usimamizi wa serikali juu ya tiba ya akili ya wanajeshi huanzia humo au hufia humo.

Asubuhi moja aliletwa kwangu sajini mstaafu aliyewahi kutumikia Somalia. Hakukubali kukaa kwenye benchi pamoja na wengine. Alivuta kiti mpaka pembeni, akaupa ukuta mgongo na mlango uso, na kila bodaboda ilipopiga mlio nje mkono wake wa kulia ulishuka kiunoni kutafuta silaha ambayo haikuwapo. Mkewe ndiye aliyeeleza. Alisema kwamba tangu mumewe arudi halali ndani ya nyumba, bali hulala chini ya mwembe akiwa na panga, na kwamba watoto wamefundishwa wasimkaribie usiku bila kumwita kwanza kwa mbali. Nilipouliza ni lini walianza kutafuta msaada, mama yule alifungua fundo kwenye pembe ya leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata ikaanza kuchanika. Ilikuwa barua ya kuomba tiba, na muhuri wa kupokelewa ulikuwa wa miezi 14 iliyopita. Mimi nikaandika daftarini tarehe ya siku ile, kwa sababu hiyo ndiyo safu niliyokuwa nayo. Kwa hesabu iliyokwenda juu kutoka kwangu, mgonjwa huyo alifika na kuhudumiwa siku hiyohiyo.

Simlaumu aliyechora safu za daftari lile, wala sisemi kwamba kuna mtu aliyekusudia kudanganya. Nasema kwamba taarifa inaweza kuwa sahihi mstari kwa mstari na bado ikaificha miezi 14 ya mtu kulala chini ya mwembe.

Jambo hili si la Uganda peke yake, na ni vizuri tuangalie nchi yenye fedha nyingi kuliko sisi ili tusidhani kwamba dawa yake ni fedha tu. Marekani ina idara nzima ya masuala ya maveterani, yaani askari waliostaafu, yenye hospitali zake yenyewe. Idara hiyo ilitangaza kwamba asilimia 95 ya wagonjwa wapya wa akili walifanyiwa uchunguzi kamili ndani ya siku 14. Mwezi Aprili 2012 mkaguzi wa idara hiyohiyo, ambaye sheria inampa uhuru wa kuchunguza na kuripoti mbele ya Bunge, alipitia mafaili na kukuta kwamba waliopata uchunguzi ndani ya siku hizo walikuwa asilimia 49, na waliobaki walingoja kwa wastani siku 50 hivi. Tofauti ilitokana na mahali pa kuanzia kuhesabu: idara ilikuwa inapima muda ambao yenyewe iliutumia kukamilisha uchunguzi, wala haikupima muda ambao askari alingoja baada ya kuomba. Miaka miwili baadaye, katika hospitali ya maveterani ya Phoenix, ilibainika kwamba watu 1,700 walikuwa wakingoja bila majina yao kuwamo katika orodha rasmi, na waziri aliyehusika, Jenerali mstaafu Eric Shinseki, akajiuzulu Mei 2014. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria yenye jina la Clay Hunt, askari wa majini aliyepigana Iraki na Afghanistani na kujiua mwaka 2011, inayotaka mipango ya afya ya akili ya maveterani itathminiwe kila mwaka na mtu aliye nje ya idara. Hayo yote yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kufungua faili ambalo si lake.

Kwetu, mamlaka hayo yamo katika maandishi. Ibara ya 163 ya Katiba ya 1995 inampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu uwezo wa kukagua matumizi ya fedha, na pia wa kukagua kama fedha za umma zimeleta faida inayolingana nazo. Ibara ya 210 inalipa Bunge kazi ya kutunga sheria za kuliongoza jeshi, na Bunge lina Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani, tena lina wabunge wanaoliwakilisha jeshi lenyewe. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani, iliunda bodi ya kushauri juu ya tiba hii. Kinachokosekana ni uzi wa kuviunganisha vyombo hivi. Askari akiwa kazini, tiba yake iko chini ya Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani. Akishavua sare na kurudi Yumbe au Luwero, anapanga foleni katika hospitali ya Wizara ya Afya ambako hakuna anayejua alikotoka wala alichokiona. Faili lake la matibabu limebaki kambini. Kila wizara inaweza kutoa taarifa nzuri juu ya sehemu yake, na mtu akapotea katikati.

Tulishawahi kupita njia hii. Kati ya 1992 na 1995 askari zaidi ya 30,000 wa NRA, jina la jeshi letu la wakati ule, walipunguzwa jeshini kupitia Bodi ya Msaada kwa Maveterani. Walipewa mabati, fedha na mbegu, na vitu hivyo vilihesabika. Usingizi haukuhesabiwa. Baadhi ya watoto wa wanaume wale nimewapokea kliniki wakiwa watu wazima, na mara nyingi wanapoanza kusimulia maradhi yao wanaanzia kwa baba.

Liko jambo jingine linalofanya daftari liseme pungufu, nalo ni hofu, na hapa naomba maafande mnivumilie. Tangu Machi 2007 vijana wetu wamekuwa wakienda Somalia. Tarehe 26 Mei 2023 kambi yao ya Bulo Marer hukohuko Somalia ilishambuliwa, na Rais alitangaza kwamba tulipoteza wanajeshi 54. Walionusurika wamerudi. Mmoja wao akianza kutetemeka usiku, atapima mambo mengi kabla ya kubisha mlango wangu: atanyang'anywa bunduki, jina lake litakatwa katika safari ijayo, wenzake watamwita kichaa. Anajua kwamba sheria ya jeshi inauhesabu woga mbele ya adui kuwa kosa linaloweza kufikia adhabu ya kifo, na kwamba Kanuni za Adhabu zinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kiwewe si woga. Ni maradhi yenye dalili, dawa na mazungumzo ya kuyatibu, na nimeona watu wakipona wakarudi kazini. Lakini mkaguzi akija akakuta daftari la kambi lina majina matatu, asiondoke akiandika kwamba kambi ina afya. Aulize nani anaruhusiwa kulisoma daftari hilo, na kama liliwahi kufika kwenye meza ya anayepandisha vyeo.

Baada ya siku ya yule sajini nilichukua rula, nikachora safu ya ziada katika daftari langu na kuandika juu yake: "Siku alipoomba mara ya kwanza." Haikuniongezea dawa hata kidonge kimoja. Iliniongezea maswali, kwa kuwa wake za askari walianza kuja na barua zao, wengine na tarehe tu waliyoishika kichwani kwa sababu ilikuwa wiki ya maziko au ya mavuno. Ombi langu kwa wabunge, na wapo watakaosoma maneno haya, ni kwamba safu hiyo ichapishwe katika daftari la kila hospitali ya jeshi na kila hospitali ya rufaa ya mkoa, ifuatane na askari siku anapostaafu, na Mkaguzi Mkuu aisome kila mwaka, bila majina, mbele ya kamati. Ile karatasi ya yule mama nilimrudishia. Aliikunja tena kwa mikunjo ileile, akaifunga katika pembe ya leso, wakatoka, mumewe akitangulia kuchungulia barabarani.