Mkuku wa Ubavuni Si Pezi: Mazungumzo na Wachonga Meli Ndogo, Goma

Wa nyuma sogeeni mlione beseni. Ndiyo, ni yale yale ya mikuku, mabamba ya kupunguza kuyumba kwa meli, mnayoichanganya na mapezi. Mkiacha kuikosea, nami nitaacha kuisema.

Juzi kijana mmoja kaniletea Queen Mary, ile meli kubwa ya abiria, aliyoichonga mwenyewe. Dohani tatu nyekundu, madirisha yote, kazi safi. Naigeuza tumbo juu: mapezi! Namuuliza, "Hapa umeandika 1936?" "Ndiyo, Papa, mwaka wa safari yake ya kwanza." Jamani! Meli ile ilikwenda mrama, ikilala ubavu huu na huu, miaka na miaka ikimwagia abiria supu. Mapezi ilitiwa 1958.

Mkuku wa ubavuni ni bamba la chuma tu, refu, jembamba, limekazwa pale tumbo linapopinda kuwa ubavu, kushoto na kulia. Halisogei. Titanic ilikuwa nayo: urefu kama mita 90, upana sentimita 63 hivi. Ukichonga kwa kipimo cha 1/350, ni sentimita 26 kwa milimita 2 kasoro. Milimita! Nyinyi mnabandika kipande cha jerikani kipana kama kidole. Hayo ni mabawa ya kuku.

Sasa tazameni. Meli mbili sawasawa, nimezichonga kwa vipande alivyoniachia fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili. Hii ina mikuku, hii haina. Nazilaza ubavu, naachia. Hesabuni... Mmeona? Ile tupu bado inacheza, mwenzake ametulia. Maji yanajizungusha kwenye ukingo wa bamba, yanakula nguvu ya mrama. Na meli imesimama, haiendi popote! Froude, yule mhandisi wa meli Mwingereza, alilijaribu baharini kwa meli za kweli miaka ya 1870. Mimi nina beseni la mke wangu.

Wewe mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nimekusikia: "Mitumbwi yetu haina mkuku na haiyumbi." Mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu haiyumbi kwa sababu ya upana wake. Upana unakataa kulala. Mkuku unachosha mrama ulioanza tayari. Usichanganye.

Pezi ni jamaa mwingine kabisa. Fupi, nene, umbo la bawa, linazungushwa na mashine inayohisi meli inakolalia. Linataka mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu yake mara nne, meli ikisimama, limelala. Utaniambia, "Papa, boti za matajiri hutulizwa hata zikiwa nangani." Ni kweli, mapezi yao hupigapiga maji kama samaki. Je, wewe unachonga boti ya tajiri wa leo? Unachonga meli ya 1936!

Umeme unakaribia kukatwa, nikimbie. Mkuku usitokeze nje ya upana wa meli wala chini ya tumbo, gati litaung'oa. Mapezi ya meli nyingi hukunjwa au huvutwa ndani, kwa hiyo meli yako ikiwa bandarini chora tundu lake tu. Kuna meli zenye vyote viwili, hizo siku nyingine. Rangi pia.

Nani ana kisu? Leteni hiyo Queen Mary.