Soma Mkia wa Chipu Kabla Hujashika Chuma cha Kulehemu

Mafundi wenzangu, habari za asubuhi. Naanza na jambo ninalolirudia kila ninapopewa nafasi, maana bodi za laptopu bado zinakufa kwa sababu yake. Fundi anatazama chipu ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta), ile ya miguu minane, anaona 25Q64, anatosheka. Anatafuta 25Q64 nyingine, anailehemu, anawasha. Kimya.

Chukueni lenzi. Futeni mgongo wa chipu kwa spiriti, kisha inamisheni bodi mwanga uje kwa ubavu; maandishi ya leza hujificha taa ikiwa juu moja kwa moja. Sasa someni mstari mzima: 25Q64FVSIQ. Hiyo 25 ni familia ya flashi (chipu za kumbukumbu) za SPI, njia ya mawasiliano kwa laini chache. 64 ni megabiti, si megabaiti: gawanya kwa 8, na faili lako la BIOS liwe na baiti 8,388,608 kamili, si pungufu, si zaidi. Wengi wanaishia hapo, na hatari iko mkiani, kwenye herufi za mwisho. Kwa Winbond, kampuni iliyotengeneza chipu hii, FV inatumia volti 2.7 hadi 3.6. FW inatumia volti 1.65 hadi 1.95. Umbo lile lile, mpangilio wa miguu ule ule, klipu ya programa (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) inashika zote mbili bila kukataa. Tofauti ni herufi moja.

Ukiipa FW volti 3.3 umeizidishia karibu mara mbili. Na kama bado iko kwenye bodi, umeme huo hauishii kwenye chipu, unapenya hadi kwenye chipseti, chipu kuu ya kuratibu bodi, iliyo kwenye laini zile zile. Chipu inabadilishwa. Chipseti ikiungua, mwambie mteja atafute bodi. Ukigeuza, ukiweka FV kwenye bodi ya volti 1.8, haipati volti za kuamkia, nawe utaanza kulaumu faili.

Kuna atakayesema: "Mbona FW inasomeka hata kwa 3.3?" Kusomeka si kupona! Chipu iliyozidishiwa volti inaweza kusomeka leo ikaleta makosa kesho. Pima kwanza. Bodi ikiwa na umeme, weka mita kati ya mguu wa 8 na wa 4. Mguu wa 1 ndio wenye kitone. Ukiitazama chipu kwa juu, hesabu kinyume cha saa. Ukiona 1.8, adapta ya 1.8 ikae kati ya programa na chipu. Kisha soma mara mbili, linganisha mafaili. Yakitofautiana hata baiti moja, usifute kitu.

Wala msikariri herufi moja mkaibeba kwa kila kampuni. Kwa Macronix, MX25L ni ya volti 3 na MX25U ni ya 1.8. Kwa GigaDevice, GD25Q ni ya volti 3, GD25LQ ndiyo ya 1.8. Mmeiona hiyo L? Huku inamaanisha hivi, kule kinyume chake kabisa.

Sasa vile vidogo vya miguu mitatu, transista za umbo la SOT-23, mwili wa takriban milimita 3 kwa 1.3. Jina kamili haliingii pale, kwa hiyo kinachoandikwa ni kodi tu, yaani alama fupi badala ya jina, na kodi moja hutumiwa na viwanda tofauti. 1A inaweza kuwa BC846A, yenye kikomo cha volti 65 na miliampea 100. Inaweza pia kuwa MMBT3904, yenye kikomo cha volti 40 na miliampea 200. Zote ni transista za aina ya NPN, miguu imepangwa sawa, mita ya kupimia diodi haitakutofautishia. Angalia saketi: kama kuna volti 50 kwenye kolekta (mmoja wa miguu hiyo mitatu), 3904 haina kazi pale. Tafuta kodi pamoja na umbo, kisha thibitisha kwa datashiti, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji.

Muda umekwisha, ila la tarehe ya kutengenezwa kwa chipu lazima nilitaje. Tarakimu nne peke yake kwa kawaida ni mwaka na wiki: 1432 ni wiki ya 32 ya 2014. Kwenye bodi za zamani 7442 inaweza kuwa wiki ya 42 ya 1974, au jina la dikoda (chipu ya kufasiri namba) ya familia ya 7400. Ukiona SN mbele yake, SN7442, hiyo ni chipu. Ikiwa peke yake kwenye mstari mwingine, chini ya namba yenye SN, hiyo ni tarehe; usiende nayo dukani.