Kadi Mkononi Haitoshi: Mazungumzo na Wapiga Kura wa Makambako

Kamwene, ndugu zangu. Poleni na shughuli, na asanteni kwa kuja.

Februari 2015, uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zile za alama za vidole, ulizinduliwa hapa hapa Makambako. Kwa hiyo kadi mnazijua. Lakini bado nasikia mtu akisema, "Mimi kadi ninayo, basi." Haitoshi!

Kadi ile ni ya Daftari la Kudumu, la kumchagua Rais, mbunge na diwani. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji ana orodha yake nyingine, chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Mwaka 2024 watu waliandikishwa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwa uchaguzi wa Novemba 27. Na Oktoba mnaijua wenyewe, kila mtu yuko shambani anawahi mvua. Aliyezikosa siku zile, wenzake ndio waliomchagulia mwenyekiti. Ni mwenyekiti huyo huyo utakayemfuata kwa barua ya utambulisho, au jirani akisogeza mpaka.

Basi orodha ikibandikwa, nenda ukaisome. Anza na jina lako, herufi kwa herufi, kisha ya majirani. Ukikuta jina la marehemu mliyemzika, au la mtu asiyejulikana mtaani, weka pingamizi kwa maandishi kabla muda haujaisha. Kelele za siku ya kura hazifuti jina.

Na kanuni zenyewe zikiwa na kasoro? Msizinyamazie. Mwanaharakati Bob Chacha Wangwe alipinga wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ikamkubalia, Oktoba Mahakama ya Rufani ikatengua. Hakukata tamaa, akaenda Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha, nayo mwaka 2023 ikampa haki. Mahakama hiyo ilikwisha kusema mwaka 2020 kwamba ibara ya 41(7) ya Katiba, inayokataza mahakama kuchunguza matokeo ya Rais yakishatangazwa, inakiuka haki za raia. Naamini ilisema kweli, na inaniuma kwamba hukumu peke yake haibadilishi Katiba. Hiyo ni kazi ya Bunge, kwa theluthi mbili ya wabunge.

Kwa hiyo anayekuja kuomba ubunge, baada ya kumsikiliza habari za barabara na mbolea, msimamisheni mbele ya watu mumuulize: ibara ya 41(7) ikiletwa bungeni, utapiga kura upande gani?