Nani Alilipia Vita vya Miaka Mia?

Asante mwenyekiti, na asanteni nyote mliofika jioni hii.

Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, vilivyoanza mwaka 1337 na kwisha mwaka 1453, husimuliwa kwa majina ya mapambano: Crécy, Poitiers, Agincourt. Tunasimuliwa upinde mrefu wa Waingereza, farasi wa Wafaransa waliokwama topeni, msichana Jeanne d'Arc aliyeongoza Wafaransa akichomwa moto. Visa hivyo sivikatai, ila leo nitavipita mbiombio. Nikiulizwa nini kiliamua vita vile, jibu langu ni kodi. Waingereza walishinda karibu kila pambano kubwa la miaka themanini ya mwanzo, kisha wakafukuzwa. Anayetaka kuelewa hilo aingie hazina afungue madaftari.

Chanzo chenyewe kilikuwa ugomvi wa mirathi. Mfalme Charles IV wa Ufaransa alifariki mwaka 1328 bila mtoto wa kiume. Edward III wa Uingereza alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake Isabella. Philippe wa Valois alikuwa mtoto wa ami yake. Wakuu wa Ufaransa wakamchagua Philippe, mtu mzima waliyemjua, wakamwacha kijana wa miaka kumi na mitano anayeishi ng'ambo na kuongozwa na mama yake. Edward hakupigana. Mwaka uliofuata alivuka bahari, akaenda Amiens akala kiapo mbele ya Philippe kwa ajili ya Guyenne, ile nchi inayouzunguka mji wa Bordeaux, ambayo wafalme wa Uingereza waliishika wakiwa chini ya mfalme wa Ufaransa. Guyenne ilikuwa mvinyo, na mvinyo ulikuwa ushuru. Philippe alipoinyang'anya mwaka 1337, ndipo moto ukawaka.

Na lile dai la kiti cha enzi? Edward alijitangaza rasmi mfalme wa Ufaransa Januari 1340, mjini Ghent, mbele ya watu wa Flanders, jimbo lililokuwa chini ya mfalme wa Ufaransa. Hawa walikuwa wafumaji nguo walioishi kwa sufu ya Uingereza, na walihitaji mfalme halali wa kumfuata wasije wakaitwa waasi. Mimi naliona dai lile lilikuwa chombo cha kazi zaidi kuliko imani ya moyoni. Wakati huohuo alikuwa amekopa kwa mabenki ya Firenze, ya Bardi na ya Peruzzi, mikopo ambayo hakuweza kuilipa. Mabenki yote mawili yakaanguka katika miaka ya 1340. Taji lake la Uingereza alikuwa ameliweka rehani. Huyo ndiye mtu aliyekuwa akidai taji la pili.

Sasa tufike Poitiers, Septemba 1356, maana hapo pana jambo. Mfalme wa Ufaransa, Jean II, alitekwa akiwa hai na jeshi la mwana wa Edward. Katika vita vya siku zile mateka mwenye cheo alikuwa mali. Aliyemkamata alimwandikia bei, akamuuza au kumgawana na bwana wake, na wapo mashujaa waliojenga kasri kwa fidia. Mfalme je, bei yake ingekuwa kiasi gani? Mkataba wa Brétigny wa mwaka 1360 ulitaja écu milioni tatu za dhahabu.

Fikirini maana yake kwa mkulima wa Ufaransa. Tauni ilikuwa imepita tangu 1348, mashamba yamekosa watu, magenge ya askari waliokosa ajira yanapora vijiji. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru hao walikuwa na mapanga. Juu ya hayo ikaja amri ya Desemba 1360: ushuru wa chumvi, ushuru wa mvinyo, na dinari 12 kwa kila pauni ya bidhaa iliyouzwa, yaani asilimia 5. Sarafu mpya ya dhahabu ikapigwa mwezi huohuo, ikaitwa faranga. Ndiyo, faranga ile ambayo wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo wameijua kwa jina hilo. Ilizaliwa katika fidia ya mfalme mmoja.

Fidia yenyewe haikumalizika kulipwa. Mmoja wa wana wa mfalme, Louis, aliyewekwa dhamana kwa Waingereza, alitoroka, na Jean kwa kuona aibu akarudi London kwa hiari yake, akafia huko Aprili 1364 katika jumba la Savoy. Wengine humwita muungwana, wengine mjinga. Lakini tazameni kilichobaki. Mfalme amekufa, fidia imesimama, ushuru haukufutwa. Mwanawe Charles V aliendelea kuukusanya, akalipa askari kwa mwezi, na pamoja na jemadari wake Bertrand du Guesclin akakataa kuingia kwenye mapambano makubwa ya uwanjani. Wakachukua ngome moja baada ya nyingine. Alipofariki mwaka 1380, Waingereza walikuwa wamebaki na vipande vya pwani tu, Calais, Bordeaux na sehemu chache nyingine.

Upande wa pili wa bahari mambo yalikwenda vingine. Mfalme wa Uingereza alipotaka fedha ilimbidi aliombe Bunge, na Bunge lilipochoka kutoza sufu likabuni kodi ya kichwa: peni 4 mwaka 1377, kisha shilingi nzima, yaani peni 12, kwa ile ya tatu. Mwaka 1381 wakulima wa Kent na Essex wakaingia London na kulichoma jumba la Savoy, lilelile alimofia Jean. Lilikuwa la John wa Gaunt, ami wa mfalme, ambaye walimlaumu kwa vita visivyo na faida.

Agincourt, Oktoba 1415, naitaja kwa sababu moja. Katikati ya pambano Henry V, mfalme wa Uingereza, aliamuru mateka wauawe, akihofia kushambuliwa upya. Leo tunaiita jinai ya kivita. Wapo askari wake waliositasita, na sidhani ni huruma peke yake, kwani walikuwa wanaamriwa kuchinja utajiri wao. Wakubwa kabisa waliachwa hai. Charles wa Orléans alikaa kifungoni Uingereza miaka 25 akitunga mashairi hadi alipokombolewa mwaka 1440.

Ushindi wa Henry ulipata njia kwa sababu nyumba ya kifalme ya Ufaransa ilikuwa imepasuka. Mfalme Charles VI alishikwa na wazimu tangu 1392, na jamaa zake wakachinjana: Louis wa Orléans aliuawa mwaka 1407, Jean, mtawala wa jimbo la Burgundy, mwaka 1419, kwenye daraja la Montereau. Burgundy ikaenda kwa Waingereza, na mkataba wa Troyes wa 1420 ukamfanya Henry mrithi wa Ufaransa. Hakuishi kuirithi. Alikufa Agosti 1422, wiki chache kabla ya mkwewe Charles VI, taji mbili zikamwangukia mtoto mchanga wa Henry.

Jeanne d'Arc najua mnamsubiri. Aliuvunja mzingiro wa Waingereza katika mji wa Orléans Mei 1429, na Julai Charles VII, mwana wa Charles VI, akatawazwa Reims. Mwezi huohuo mfalme alivisamehe kodi vijiji vya kwao Jeanne, Domrémy na Greux, kwa heshima yake. Alipotekwa mwaka 1430, Waingereza walimnunua kwa livre 10,000, zilizotoka katika kodi ya watu wa Normandy.

Yaliyofuata hayana nyimbo nyingi. Burgundy ilipatana na Charles mwaka 1435. Mwaka 1439 ikatangazwa kwamba mfalme pekee ndiye mwenye haki ya kuweka jeshi. Mwaka 1445 akaunda vikosi vya kudumu vya wapanda farasi, wenye mshahara hata wakati wa amani, wakilipwa kwa kodi iitwayo taille. Ndugu Jean na Gaspard Bureau wakampangia mizinga. Normandy ikarudi ndani ya mwaka mmoja hivi, 1449 hadi 1450, na Castillon, Julai 1453, mizinga hiyo ikamwangusha Talbot, jemadari mzee wa Waingereza.

Sasa Bordeaux. Mji ule ulikuwa umejisalimisha kwa Wafaransa mwaka 1451, na mwaka uliofuata wenyewe wakatuma watu London kuwaita Waingereza warudi. Mfalme wa mbali aliyewanunulia mvinyo na kuwaacha wajiendeshe waliona ni nafuu kuliko wa karibu mwenye watoza kodi. Baada ya Castillon walisalimu amri mara ya pili, Oktoba 1453, na Charles akajenga ngome mbili mpya mjini humo ili kuwaangalia wenyeji wenyewe. Askari wa kudumu hawakuvunjwa. Taille nayo iliendelea kutozwa kila mwaka bila mfalme kuliuliza baraza la taifa, wakati mwenzake wa London alirudi kuliomba Bunge kama zamani.